Nyasi za Kanisa

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na nyumba yetu ya Juba aliijenga kama mtu anayeshona koti. Kiunzi kwanza, bitana baadaye, vifungo mwisho kabisa. Ndiyo maana nilipofika na tumbo langu kubwa nikakuta kuta zimesimama vizuri, udongo umelainishwa hadi unang'aa, mlango umetiwa bawaba, na juu hakuna kitu. Fito tu, na mbingu.

"Na paa?" nikamuuliza.

"Nyasi zilikuwa tele," akasema. "Nikaona zitangoja."

Niwaeleze kwa nini nilitaka kumpiga. Sisi tulikuwa watu wa kurudi. Amani ilikuwa bado mbichi, na malori yalikuwa yakitoka Uganda yakiwa yamejaa watu, magodoro na kuku. Mume wangu aliikimbia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Kampala chini ya mabati, na kuhusu nyasi alijua jambo moja tu, kwamba huota. Alitangulia peke yake mvua zilipokuwa zinaisha, wakati nyasi zinamzidi mtu kimo na zinaanza kukauka. Huo ndio wakati wa kuzikata. Kila mtu aliyezaliwa akabaki hapa anajua hivyo, kwa sababu baadaye kidogo watu huchoma moto, wanawinda panya na swala, wanasafisha njia, na tambarare yote kuanzia mtoni hadi kwenye mlima wa mawe ulio nje ya mji hugeuka jivu. Baada ya hapo hupati nyasi ya kuezekea hadi mwaka mwingine. Mume wangu alisimama kwenye kiwanja chake akapiga udongo kwa furaha, moto ukapita pembeni, akautazama kama mtu anayetazama gwaride.

Tulikuwa wengi tuliofanya kosa hilo mwaka ule. Ungewatambua waliorudi kwa fito zao tupu.

Mabati yalikuwa ya ofisi na ya wafanyabiashara wakubwa. Sisi tulilala chini ya turubai la kuazima, tumelifunga kwenye ukuta wa nyumba yetu wenyewe, tukiwa nje ya nyumba tuliyokuwa nayo. Majirani walicheka, na sikuwalaumu.

Lakini mimi sikucheka. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kambini Uganda, katika kibanda kilichovuja, msimu wa mvua. Nilimhamisha kona hadi kona, nikamlaza juu ya sanduku, nikamlaza juu ya tumbo langu mwenyewe nikiwa nimeinama kumkinga, na maji yakamfikia. Kifua kikambana. Hakuishi hata kutambua uso wangu. Nilikuwa nimebeba wa pili sasa, na kila nilipotazama juu na kuona zile fito nilihisi baridi kwenye mifupa, na jua la Juba likiwaka vile. Mvua ya kwanza na mtoto vilikuwa vinakuja pamoja, mwezi mmoja. Niliogopa kiasi kwamba sikuweza kumwambia mtu isipokuwa Mungu, naye nilimwambia kwa ukali.

Sasa kanisa. Lilikuwa katika mtaa unaoitwa Juba na Bari, karibu na mto, kuta za udongo na paa la nyasi lililozeeka likawa jeusi. Ndani tulikaa pande mbili. Wanaume kulia na wanawake kushoto, hivyo ndivyo ungedhani, lakini sivyo. Upande mmoja walikaa waliobaki wakati wa vita, upande mwingine tuliorudi. Hakuna aliyepanga. Sisi tulikuja na mambo yetu ya uamsho, ushuhuda, nyimbo za kupiga makofi, na Kiswahili chetu cha sokoni na cha makambini. Wao walikuwa wamesali miaka yote ile kwa kunong'ona, askari wakipita nje, na walituona watu wa kelele. Wakatuita Waganda. Sisi tulisema wao ni baridi. Kisha tulikutana mlangoni tukapeana mikono na kusema Bwana asifiwe.

Upande wetu tulikuwa hodari kwa kuombeana. Nilisimama kwenye ushirika nikaeleza shida yangu ya paa, na ndugu wakapiga magoti na kuomba kwa machozi, vizuri sana. Wiki iliyofuata wakaomba tena. Niliombewa hadi nikachoka. Nikatazama fito zangu, zilikuwa vilevile.

Nao hawakuwa na la kufanya, nakubali. Nusu yao walikuwa na fito tupu kama mimi. Na hapa Juba nyumba haiezekwi na mtu mmoja na mkewe. Unaita watu, unapika marisa, ile pombe ya mtama, wanakuja asubuhi, wanaezeka wakiimba, jioni wanakunywa, kalas, kazi imekwisha. Sisi tulikuwa tumeokoka, marisa hatupiki. Jirani mmoja alikuja kwa wema kabisa kuuliza marisa yetu itakuwa lini ili awaambie wenzake. Mume wangu akamwambia itakuwa chai. Yule bwana akamtazama kwa huruma, akaaga. Kwa hiyo hatukuwa na nyasi, na hata tungezipata, hatukuwa na watu.

Lakini nyuma ya kanisa palikuwa na nyasi.

Wale waliobaki walizikata kabla ya moto. Kanisa zima, wake kwa waume, walivuka mto kwa mitumbwi hadi mahali walipojua wao panapoota nyasi nzuri, ndefu na ngumu, wakazikata, wakazifunga matita kwa magome ya mti, wakavuka nazo tena. Zilikuwa za paa jipya la kanisa. Askofu alikuwa anatarajiwa, mara ya kwanza tangu vita, kuwawekea mikono watoto waliokua bila kuwekewa. Ule mlima wa nyasi ulilindwa kuliko sadaka. Mbuzi akisogea anafukuzwa kwa mawe. Mtoto akikaa juu yake anachapwa. Mimi nilikuwa nikipita pale Jumapili nikageuza uso, kwa sababu kutamani mali ya Mungu ni dhambi ambayo hata mimi sikuthubutu kuitenda.

Mlinzi mkuu wa nyasi alikuwa mama mmoja wa upande wao. Mrefu, mjane, mdomo kama wembe. Alikuwa ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa, na Kiswahili alikiokota kwa wachuuzi wa chumvi waliokuja kutoka Uganda, akakisema bila aibu wala sarufi. Sikumpenda. Jumapili yangu ya kwanza alinikuta nimekaa mahali pake, akanisogeza kwa nyonga yake.

Siku moja alikuja kiwanjani kwetu. Hakubisha hodi, maana hapakuwa na pa kubishia. Akaizunguka nyumba polepole, amefunga mikono mgongoni, kama mkaguzi wa shule.

"Gesh yako iko wapi?" akauliza. Gesh ndiyo nyasi.

"Ziliungua, mama."

"Ziliungua! Gesh naungua yenyewe? Watu nachoma. Kila mwaka watu nachoma. Bwana yako alikuwa nalala wapi?"

Bwana yangu alikuwa palepale nyuma ya cherehani, chini ya turubai. Akainamisha kichwa na kukanyaga kwa nguvu kama mtu mwenye kazi nyingi.

Yule mama akanisogelea akaweka kiganja juu ya tumbo langu, bila kuomba ruhusa. Kiganja kikavu, kizito.

"Mvua iko karibu," akasema.

"Najua, mama."

"Hii ya kwanza?"

"Ya pili."

"Ya kwanza iko wapi?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, na ushirika wangu nilikuwa sijauambia. Nilimweleza kibanda, sanduku, kona zote, kifua. Nikangoja aseme pole, au Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kama watu wanavyosema. Alitazama juu, akazipitia fito zangu moja moja kwa macho, kisha akaenda zake. Nikamwambia mume wangu, yule mwanamke hana moyo.

Jumamosi asubuhi niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wanaimba kwa Kibari, wimbo ninaoujua wa kanisani, ila kwa mwendo wa kazi. Nikatoka chini ya turubai. Njia yote iliyotoka mtoni ilikuwa nyasi zinazotembea. Matita juu ya vichwa, marefu, yananing'inia mbele na nyuma, huoni nyuso, miguu tu. Wanawake mbele. Wanaume nyuma na ngazi na vibao vya kupigia nyasi zikae sawa. Niliyatambua matita kwa yale magome yaliyofungwa juu.

Sikufurahi. Nasema ukweli, nilishikwa na hofu. Nikaenda nikasimama katikati ya mlango wa nyumba yangu isiyo na paa, nikatandaza mikono.

"Mama," nikamwambia yule aliyetangulia, na alikuwa ni yeye, "hizi ni nyasi za kanisa."

"Ndiyo."

"Ni za Mungu, mama. Mimi siwezi kulala chini yake."

Akatua mzigo. Shingo yake ilikuwa imejaa makapi na jasho. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa uji.

"Mungu hana mimba," akasema. "Wewe ndiyo iko na mimba. Toka mlangoni, ya biniya, msichana wewe, watu nabeba mzigo."

Nikatoka mlangoni.

Nimeona mambo katika maisha yangu. Nimeona jiji likisherehekea uhuru, nimeona mto ukifurika ukabeba ng'ombe, lakini sijawahi kuona kitu kama Jumamosi ile. Hakuna aliyetoa hotuba. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Wanaume walipanda wakaanza chini, kwenye ukingo, wakapanga nyasi safu juu ya safu, mmoja analaza, mmoja anafunga, mmoja anapiga kwa kibao. Wanawake walirusha vifungu juu na vikadakwa. Waliotoka upande wetu walisikia wakaja mmoja mmoja, wakasimama pembeni kwa aibu kidogo, kisha mtu akawatupia kazi. Mume wangu alitaka kupanda, wakamwambia, wewe mshona nguo kaa chini ukate kamba. Akakaa. Baadaye mmoja alitazama fundo alilofunga, akalivuta, halikulegea, akamwita mwenzake alione. Basi wakampandisha. Nilimwona mume wangu ameketi juu ya paa lake, magome kati ya meno kama afanyavyo na uzi, anafunga na kulia. Machozi yalikuwa yakimdondoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Nilitaka kupika. Ni aibu kubwa watu kukufanyia kazi na moto wako hauwaki. Nilikuwa na majani ya chai na unga kidogo, sukari hakuna, mjini kote sukari ilikuwa hadithi. Nikainama kupuliza moto, akina mama wakanivuta wakaniketisha. Walikuwa wamekuja na kila kitu. Asida, ugali wao wenyewe, kwenye masufuria yaliyofunikwa, mboga zao, hata maji yao ya mtoni kwenye madebe, ili wasiguse maji yangu niliyoyateka kwa tabu. Mama mmoja mzee alifungua ncha ya shuka yake, na ndani mlikuwa na sukari iliyogandana, sijui aliificha tangu lini. Akaitia yote kwenye birika la chai ya wafanyakazi. Nikafunika uso.

Mchana ulipokwenda, nyasi zikaisha. Mchwa walikuwa wamekula matita ya chini, hakuna aliyejua hadi yalipofunguliwa yakamwagika vumbi. Paa lilikuwa limefika juu, limebaki lile tundu la kileleni, mahali penyewe ambapo maji huingilia. Wanaume wakashuka, wakasemezana kwa Kibari, wakaondoka na ngazi zao. Nikasema moyoni, hapo wamefanya vya kutosha, zaidi ya hapo ni Mungu. Nilikuwa tayari nimeamua mahali pa kuweka kitanda, mbali na lile tundu.

Walirudi jua likiwa bado lipo. Walibeba nyasi nyeusi, za zamani, lakini ndefu na nzima. Wakafunika kilele, wakakivika kile kikofia kinachofungwa juu, wakapiga vibao mara ya mwisho. Niliuliza zimetoka wapi. Yule mama akasema, "Zilikuwapo." Akachukua sufuria lake akaenda.

Siku ya pili tukaenda kanisani, mimi na mume wangu, tumevaa nguo zetu nzuri, tuna ushuhuda mrefu mdomoni. Tukaingia. Mwanga ulikuwa mwingi kuliko siku zote. Nikatazama juu.

Walikuwa wamelivua kanisa lao. Upande wote wa mbele, juu ya meza ya Bwana, fito zilikuwa tupu, na kupitia fito hizo lilionekana wingu jeupe likipita taratibu. Paa walilosali chini yake miaka yote ya vita, lile paa lililoficha minong'ono yao, walikuwa wameling'oa kwa mikono yao Jumamosi jioni ili kuziba tundu la nyumba ya mwanamke wa Kampala aliyekuja juzi na tumbo lake.

Nikakaa mahali nilipokuwa. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za upendo mara nyingi, na kuzieleza mwenyewe, na kuziimba. Sikuwahi kujua kwamba zina ukubwa wa kumfanya mtu aogope. Nilijikunyata pale kama mtu aliyeingia mahali asipostahili kuingia. Ushuhuda wetu hatukuutoa.

Mchungaji alitangaza matangazo. La mwisho likawa hili, "Mgeni wetu akija, tutamweka upande wa nyuma, palipo pakavu." Watu wakacheka kidogo. Kisha wakafungua vitabu vya nyimbo.

Mvua ya kwanza ilinyesha ibadani, Jumapili iliyofuata. Ilianza mbele, kwenye meza, na mchungaji akafunga Biblia ndani ya joho lake akaendelea kwa kichwa. Watu wa mbele wakarudi nyuma, na wa nyuma wakabanana, na huko kwenye ukavu hapakuwa na nafasi ya pande mbili. Nilibanwa kati ya mama wa Kibari na mtoto wake, mtoto akasinzia juu ya bega langu. Tuliimba, mvua ikaimba kuliko sisi. Ilikuwa hivyo msimu wote. Askofu alikuja, akaketi nasi nyuma, na watoto walioitwa mbele kuwekewa mikono walirudi wamelowa wakicheka.

Mtoto wangu alichagua siku ya Jumapili pia. Asubuhi nilimwambia mume wangu mimi siendi kanisani, akauliza kwa nini, nikamtazama, akatoka mbio. Yule mama mrefu aliacha ibada akaja. Alikuwa mkali vilevile. Alimfukuza mume wangu uani, akanikaripia nilipopiga kelele, akanikaripia nilipojikaza. Nje mbingu ziliachia, mvua nzito ya Juba isiyokuwa na adabu, na katikati ya uchungu wangu nikawa nasahau uchungu na kusikiliza juu. Nilingoja lile tone. Kwa miaka nilikuwa nimelingoja hata usingizini.

Akaja mtoto wa kike, mwekundu, mwenye hasira. Yule mama akampangusa, akaniwekea kifuani. Ngozi yake ilikuwa kavu. Nilimgusa kichwa, mgongo, nyayo, kote kukavu, na nikalia kwa sauti hadi yule mama akanishika kichwa kwa mikono yake miwili na kukilaza kwenye bega lake.

Ibada ilikuwa imekwisha. Tukasikia miguu kwenye tope, watu wengi. Mume wangu akafungua mlango. Walikuwa kanisa zima, waliobaki na waliorudi, wametoka moja kwa moja kwenye lile kanisa lisilo na paa mbele, nguo zimewashika mwilini, maji yanatiririka kwenye nyusi zao. Mume wangu akawaambia waingie, tafadhali, waingie. Hakuna aliyekubali. Walisema wataleta maji ndani. Wakabaki wamesimama palepale kwenye mvua, wamebanana mlangoni, wamenyoosha shingo.

Nilidhani watauliza kama ni wa kike au wa kiume. Ndivyo watu wanavyouliza.

"Inavuja?" akauliza mmoja wa wale wanaume wa juu ya paa. Alikuwa anatazama kilele, hakuwa ananitazama mimi.

"Haivuji," nikasema.

Akageuka akawaambia walio nyuma, kwa Kibari, nao wakawaambia walio nyuma yao, hadi neno likafika njiani kwa wale wa mwisho, na nikawasikia huko mbali kwenye mvua wakipiga vigelegele.